Kutoka Jichoni hadi Ubongoni: Maswali Mnayoniuliza Kila Muhula Kuhusu Kuona kwa Panya, Sungura, Fuko na Wenzao

Nimekaa kwenye maabara ya anatomia hapa Nairobi miaka mingi kiasi kwamba najua swali linalokuja kabla mwanafunzi hajafungua mdomo. Muhula ukianza, yaleyale hurudi, na mimi hurudia majibu yaleyale hadi sauti inakauka. Nimeona niyaandike mara moja. Mengine si ya wanafunzi. Yapo ya wafugaji wa sungura wa Kikuyu na Ruiru, na moja ni la jirani yangu ambaye panya wamemshinda. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

Neno moja kuhusu majina: nikisema "panya" namaanisha yule mkubwa wa maabara au wa mtaroni. "Kipanya" ni yule mdogo anayeingia kwenye kabati la unga.

Njia ya kuona ni nini hasa? Si ni neva moja tu kutoka jichoni?

Neva ni mwanzo tu wa safari. Mwanga ukipita konea, mboni na lenzi, huangukia retina, utando mwembamba ulioko nyuma ya jicho. Huko kuna seli za fimbo zinazofanya kazi kwenye giza, na seli za koni za mwanga wa kutosha na rangi. Kwa kipanya, karibu 97% ni fimbo. Hizo hupokezana habari na seli za katikati hadi kufikia seli za ganglioni, na hizi ndizo peke yake zenye nyuzi zinazotoka nje ya jicho. Fungu la nyuzi hizo ndilo neva ya macho. Jicho moja la kipanya lina seli za ganglioni kama 45,000 hivi. La binadamu lina zaidi ya milioni moja hivi.

Usidhani kwamba zote zinasema jambo moja. Kwa kipanya zimeshahesabiwa aina zaidi ya 40 za seli za ganglioni: hii inajibu kitu kikisogea kuelekea juu, ile inajibu kivuli kikipanuka, nyingine inapima tu kiasi cha mwanga na haijali umbo la chochote. Neva ile nyembamba kama uzi wa kushonea imebeba ripoti zaidi ya 40 za mandhari moja, na kila ripoti ina anwani zake ubongoni. Anwani nazo ni nyingi, kwani retina ya kipanya hufikia sehemu zaidi ya 40 za ubongo. Mwanafunzi akiniambia "njia ya kuona ni retina, jenikulati (kituo cha kupokezana kilichoko kwenye thalamasi, ndani ya ubongo), gamba (tabaka la nje la ubongo), basi", najua amesoma kitabu cha binadamu.

Basi tuanzie wapi, kama si kwenye gamba la ubongo?

Anzieni ubongo wa kati. Hili ndilo jambo ninalolipigania kuliko yote, kwa hiyo mnivumilie.

Ukimtoa panya ubongo, ukatenganisha taratibu sehemu ya nyuma ya gamba na serebelamu, ule ubongo mdogo wa nyuma, chini yake utaona vilima vinne vidogo, viwili mbele na viwili nyuma. Vya nyuma ni vya kusikia. Vya mbele, ambavyo tunaviita vilima vya juu, ni vya kuona. Kwa kipanya, seli za ganglioni 85% hadi 90% hupeleka nyuzi kwenye vilima hivyo. Kwa nyani na binadamu ni kama 10% tu. Nyuzi nyingi zinazofika jenikulati ya kipanya ni matawi ya nyuzi zilezile zinazoendelea hadi vilimani. Kwa mnyama huyu, vilima vya juu ndivyo makao makuu, na gamba ni ofisi iliyofunguliwa baadaye.

Mwaka 1969 Gerald Schneider alionyesha jambo hilo kwa hamsta, kwa njia ambayo hadi leo naiona ni safi. Waliokatwa nyuzi za vilima vya juu walishindwa kugeuza kichwa kuelekea mbegu waliyoonyeshwa, lakini waliweza kujifunza kutofautisha michoro miwili. Walioondolewa gamba la kuona walifanya kinyume: waligeuka vizuri kuelekea mbegu, ila michoro ikawashinda. "Kiko wapi?" na "ni nini?" ni maswali mawili tofauti, na kila moja lina mahali pake pa kujibiwa.

Kilima chenyewe kina tabaka kama za kitunguu. Tabaka za juu hupokea macho peke yake. Zilizo chini huchanganya kuona, kusikia na mguso wa masharubu, na ndizo zinazoamuru kichwa, macho na miguu.

Je, panya anamwona mwewe akiwa juu, au anasikia tu?

Anamwona, na pengine ubongo wake umeundwa zaidi kwa ajili ya hilo kuliko kitu kingine chochote.

Anayeishi Nairobi anawajua mwewe. Wanazunguka juu ya masoko na majaa mchana kutwa, na mtoto akitoka dukani na soseji mkononi, ajihadhari. Sasa jiweke mahali pa kipanya. Macho yako yako pembeni mwa kichwa na yanatazama juu kidogo. Nusu ya chini ya retina yako ndiyo inayotazama angani, kwa sababu lenzi hupindua picha, na koni za sehemu hiyo zina rangi inayonasa zaidi mwanga wa urujuanimno, kama nanomita 360, ambao sisi hatuuoni kabisa. Mbingu inang'aa kwa mwanga huo, na ndege huonekana kama doa jeusi juu ya shuka jeupe.

Mwaka 2013 Melis Yilmaz na Markus Meister waliweka skrini juu ya kizimba, wakaonyesha duara jeusi linalopanuka, kama kitu kinachoshuka. Vipanya ambavyo havijawahi kuona ndege maishani vilikimbilia kwenye kibanda au viliganda palepale. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba doa dogo linalopita tu, kama mwewe anayezunguka mbali, huwafanya wagande, ilhali linalopanuka huwafanya wakimbie. Yote mawili yana mantiki. Mwewe asiyekuona, usijitikise. Mwewe anayeshuka, hakuna la kungoja.

Njia ya hofu hiyo hupita kwenye vilima vya juu na kushuka hadi kwenye tishu ya kijivu inayozunguka mfereji wa ubongo wa kati. Na ramani ya kilima imepangwa kwa namna inayopendeza. Upande wa ndani, karibu na mstari wa katikati, huwakilisha anga, na ukiuchochea mnyama hukimbia au hujikunyata. Upande wa nje huwakilisha ardhi iliyo mbele yake, na ukiuchochea husogea kukifuata kitu. Kipanya anayemfukuza nyenje hutumia upande huo wa pili. Yaani kwenye kilima cha milimita chache, kinacholiwa na kinachokula vimegawiwa viwanja.

Mwaka huohuo wa 2013, kundi la Damian Wallace lilifunga kamera ndogo sana kichwani mwa panya wanaotembea huru. Ikaonekana kwamba macho yao mawili hayasogei pamoja kama yetu. Kichwa kikiinama jicho hili huenda huku na lile kule, alimradi sehemu ya anga iliyo juu ya kichwa isitoke machoni.

Pale neva mbili zinapokutana, habari zinachanganywa?

Hapana. Pale ni njia panda, wataalamu huiita kiazma, na hakuna seli inayozungumza na nyingine hapo. Matatu haishushi abiria, inageuza njia tu.

Cha muhimu ni nani anavuka na nani habadilishi upande. Kwa binadamu, zaidi kidogo ya nusu ya nyuzi huvuka kwenda upande wa pili, nyingine hubaki. Kwa kipanya, karibu 95% au zaidi huvuka. Zinazobaki hutoka pembe moja ya retina, upande wa chini kuelekea sikio, pembe ambayo huona mbele na juu ya pua, mahali ambapo macho yote mawili hukutana. Macho yakiwa mbele, kama ya komba au paka, eneo la kukutana ni kubwa na nyuzi zisizovuka ni nyingi. Yakiwa pembeni ni chache. Newton aliandika mwaka 1704 kwamba huenda nyuzi huvuka nusu tu. Na kabla yake sana, Ibn al-Haytham aliichora njia panda hiyo katika kazi yake kuhusu kuona, na nakala ya mwaka 1083 yenye mchoro huo ingali Istanbul.

Mbona mwalimu hataki tutumie panya weupe kwa zoezi la kiazma?

Nataka, alimradi mjue mnachokitazama. Panya weupe wenye macho mekundu wana ualbino, na njia zao za kuona si za kawaida. Mwaka 1965 Raymond Lund aligundua kwamba panya albino wana nyuzi chache zaidi zisizovuka kuliko wale wenye rangi. Miaka michache baadaye Ray Guillery akaona kasoro ya aina hiyo kwa paka wa Siam. Melanini, rangi nyeusi ya mwili, iliyo nyuma ya retina, jicho likiwa bado linaumbwa, ina mkono katika kuamua nyuzi ipi ivuke. Ikikosekana, baadhi ya nyuzi zilizopaswa kubaki huvuka. Binadamu wenye ualbino nao huwa na hali hiyo, na ni sababu mojawapo ya wengi wao kupata shida ya kupima umbali kwa macho mawili. Miwani ya jua haiwezi kubadilisha hilo, ingawa inasaidia kwa mwanga mkali.

Kuna mtego mwingine. Koo kadhaa za vipanya vya maabara, zikiwemo C3H na FVB, zimebeba hitilafu ya jeni inayoua seli za fimbo wiki chache baada ya kuzaliwa. Niliwahi kukaa na mwanafunzi wiki tatu tukishangaa kwa nini vipanya vyake havijifunzi mchoro wowote. Vilikuwa vipofu. Tungesoma karatasi ya ukoo siku ya kwanza tungeokoa wiki tatu na sahani nyingi za chakula.

Jenikulati ya kipanya ina tabaka ngapi?

Ukiipaka rangi ya kawaida ya seli, huoni tabaka yoyote. Inaonekana kama kiwanja kimoja. Tabaka zimo, lakini zimefichwa: kuna ganda la nje na kiini cha ndani, na nyuzi kutoka jicho la upande huohuo zimejikusanya kwenye kisiwa kidogo ndani yake. Kisiwa hicho huonekana tu ukitia jichoni kifuatilizi, yaani kitu kinachosafiri ndani ya nyuzi na kuzionyesha.

Komba ni hadithi nyingine. Yule mdogo anayelia kama mtoto usiku vichakani ni mnyama wa jamii ya nyani, na jenikulati yake ina tabaka sita za wazi: mbili za seli kubwa, mbili za seli ndogo, na mbili za seli ndogo mno. Hata vilima vyake vya juu vinafuata mtindo wa nyani, kila kimoja hupokea nusu ya mandhari iliyo upande wa pili. Kwa panya, kila kilima hupokea karibu retina nzima ya jicho la pili.

Na gamba? Ni kweli kwamba halina mpangilio?

Lina ramani, halina mafungu. Nifafanue kwa chakula. Kwenye gamba la kuona la paka na nyani, seli zinazopenda mstari uliolala upande mmoja hukaa pamoja, kama sokoni ambako gunia la ndengu liko hapa na la mahindi pale. Ndicho walichokieleza David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Nobel mwaka 1981. Kwa panya ni githeri: hindi hapa, harage pale, jirani hawafanani. Picha za seli mojamoja zilizopigwa mwaka 2005 zilithibitisha hilo. Kila seli inajua mstari wake vizuri kabisa, ila haikai na wenzake.

Watu hukimbilia kusema ni kwa sababu panya haoni vizuri. Lakini kindi wa mitini, ambaye anaona vizuri na hutembea mchana, naye ana githeri hiyohiyo. Kwa hiyo uhodari wa macho hauelezi jambo hilo.

Ramani ya mandhari ipo, nadhifu. Kulizunguka gamba la kwanza kuna maeneo mengine ya kuona kama tisa au kumi, kila moja na ramani yake. Mwezi Aprili 2025 mradi uitwao MICrONS ulichapisha ramani ya kipande cha milimita moja ya ujazo cha gamba la kuona la kipanya, chenye seli zaidi ya 200,000 na viungo zaidi ya milioni 500 kati ya seli. Punje ya mchanga, na kazi ya miaka.

Kwa nini taa za chumba cha wanyama lazima zizimwe saa moja jioni?

Hili ndilo swali linaloleta ugomvi na walinzi.

Chini kabisa ya ubongo, juu tu ya kiazma, kuna viini viwili vidogo, kila kimoja chenye seli kama 10,000 hivi. Hivyo ndivyo saa ya mwili. Mwaka 1972 makundi mawili ya watafiti wa Marekani yaliviharibu kwa panya, na panya wakapoteza mpangilio wa siku: hawakujua usiku wala mchana, walikunywa maji na kukimbia ovyo saa zote. Mwaka huohuo ikathibitishwa kwamba retina hupeleka nyuzi moja kwa moja kwenye viini hivyo.

Kisha likaja fumbo. Vipanya visivyo na fimbo wala koni, vipofu kabisa kwa maana ya kuona, viliendelea kurekebisha saa zao kwa mwanga, na mboni zao ziliendelea kusinyaa. Jibu lilipatikana baada ya Ignacio Provencio kugundua melanopsini, rangi inayohisi mwanga, mwaka 1998, kwanza kwenye ngozi ya chura, na mwaka 2002 ikaonekana kwamba baadhi ya seli za ganglioni zina rangi hiyo na zinahisi mwanga zenyewe, bila kungoja fimbo wala koni. Seli hizo ndizo zinazoweka saa sawa. Nyingine hupeleka nyuzi mbele kidogo ya vilima vya juu, kwenye kiini kinachosinyaza mboni.

Nairobi tuko karibu na ikweta, na urefu wa mchana hubadilika kwa dakika chache tu mwaka mzima, kwa hiyo tunaweka taa saa 12 na giza saa 12 na tunafanana na nje. Sasa, usiku mmoja mlinzi aliingia kutafuta jiko la chai, akawasha taa ya chumba cha wanyama na kuisahau hadi asubuhi. Mwanga mmoja wa usiku husogeza saa ya kipanya. Kazi ya wiki ile tuliitupa. Tangu hapo swichi ina kifuniko na kufuli, na mlinzi huniita "mwalimu wa giza". Umeme ukikatika mchana nao ni balaa lingine, ila huo hauna kufuli.

Panya wanaona rangi nyekundu? Nimeambiwa taa nyekundu haiwasumbui.

Hafifu sana. Koni zao za pili hunasa zaidi kijani, kama nanomita 508, na hawana koni ya nyekundu kama yetu. Taa nyekundu hafifu ni kama giza kwao. Lakini taa nyekundu kali si giza, fimbo zao bado huipata kidogo.

Jirani yangu wa panya, ambaye alitaka kuweka taa nyekundu jikoni ili wakimbie: mzee wangu, umewawekea sebule.

Sungura wangu haoni karoti niliyomwekea puani. Ni mgonjwa?

Si lazima, mama. Macho ya sungura yako juu na pembeni kabisa, anaona karibu pande zote, hata nyuma yake, bila kugeuka. Anachokosa ni kipande kidogo mbele ya pua na chini ya kidevu. Hapo hutumia midomo na masharubu. Mwekee karoti pembeni kidogo uone atakavyoigeukia. Retina yake ina mstari mlalo wenye seli nyingi zaidi, unaofuata upeo wa macho, ardhi inapokutana na mbingu, mahali adui anapotokea. Kama haigeukii hata ikiwa pembeni, au jicho limeweka ukungu, mwone daktari wa mifugo.

Fuko wana macho kweli? Na wanayatumia?

Inategemea fuko yupi, na huku kwetu tuna wa namna mbili wanaostahili kutajwa. Yule anayefukua viazi Limuru na Kiambu, wa kahawia na meno ya mbele yaliyotokeza, ana macho madogo yanayofanya kazi. Yule asiye na manyoya wa maeneo makavu ya Tsavo, ambaye hujulikana duniani kote tangu Jenny Jarvis alipoeleza mwaka 1981 kwamba huishi kwa malkia na wafanyakazi kama mchwa, ana macho yaliyo wazi lakini neva ya macho imesinyaa.

Kinachovutia kwake ni kilichopungua na kilichobaki. Jenikulati na vilima vya juu, sehemu za umbo na mwendo, vimepungua sana. Njia ya kwenda kwenye saa ya mwili imesalia. Na eneo la gamba ambalo kwa panya ni la kuona limemezwa na la mguso. Takriban theluthi moja ya gamba lake la mguso ni ya meno ya mbele. Meno! Mnyama anayechimba, kubeba na kupigana kwa meno amegeuza kiwanja cha macho kuwa kiwanja cha meno.

Huko Mashariki ya Kati kuna fuko mwingine ambaye jicho lake, chini ya milimita moja, limefunikwa na ngozi kabisa. Naye saa yake bado hupokea mwanga, kupitia ngozi. Nikiulizwa ni njia gani ya kuona iliyo ngumu zaidi kuachwa na mageuzi, wanyama hawa wanajibu wenyewe.

Popo ni kipofu?

Hapana. Popo wala matunda wana macho makubwa na njia za kuona zilizokomaa. Mwaka 1986 Jack Pettigrew aliona vilima vyao vya juu vinapokea macho kwa mtindo wa nyani, akapendekeza kwamba wao ni ndugu wa nyani. Wachunguzi wengine hawakuupata mtindo huo kwa popo wa jamii ya Rousettus, wale wanaolala kwenye pango la Kitum kule Mlima Elgon, na jeni zikaja kulikata shauri: popo wote ni ukoo mmoja. Bado napenda kuisimulia, kwa sababu ilimlazimu kila mtu kurudi kwenye darubini.

Nyuzi zinajuaje pa kwenda?

Kwa harufu, kama mnataka jibu fupi. Roger Sperry alipendekeza mwaka 1963 kwamba kila uzi hubeba alama ya kemikali inayolingana na mahali pake. Katikati ya miaka ya 1990 baadhi ya alama hizo zilipatikana, protini ziitwazo efrini, nyingi upande mmoja wa kilima na chache upande mwingine. Halafu, kabla kipanya hajafungua macho siku ya 13 au 14, retina yenyewe hurusha mawimbi ya umeme yasiyotokana na mwanga, na mawimbi hayo hunyoosha ramani.

Mnajuaje uzi umefika wapi, nao hauonekani?

Tunatia kitu jichoni na kukiacha kisafiri. Kwanza kulikuwa na kukata neva na kufuata nyuzi zinazokufa kwa rangi ya fedha. Miaka ya 1970 kikaja kimeng'enya kinachotokana na mzizi wa mmea wa hosiradishi. Leo hutumiwa kipande kisicho na sumu cha sumu ya kipindupindu, kilichofungwa rangi inayong'aa: jicho la kulia kijani, la kushoto nyekundu, na baada ya siku chache ubongo mzima umejichora. Wenye fedha hutumia virusi vya kichaa cha mbwa vilivyobadilishwa ili viruke kiungo kimoja tu na kusimama.

Msio na hayo, Taasisi ya Allen ya Seattle imeweka ramani za ubongo wa kipanya mtandaoni bila malipo. Fungueni kwenye simu mkiwa kwenye matatu.

Nitoeje ubongo wa panya bila kuikata kiazma?

Polepole, na kutoka juu. Panya awe ameshapitishiwa dawa ya kukaza tishu, fomalini ya 10% iliyosawazishwa au paraformaldehidi ya 4%, na kichwa kikae kwenye dawa usiku mzima. Ubongo mbichi ni kama uji mzito, ubongo uliokaa ni kama jibini.

Ingiza ncha ya mkasi mdogo kwenye tundu la nyuma la fuvu, ncha ikiegemea mfupa wala si ubongo. Kata pembeni kulia na kushoto, inua mfupa kama kifuniko cha sufuria. Hapo wengi hukosea: wanashika ubongo kwa koleo na kuvuta. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilivuta. Ubongo ukatoka mzuri sana, mwalimu wangu akaugeuza, hapakuwa na kiazma. Ilikuwa imebaki kwenye sakafu ya fuvu, msalaba mweupe mdogo, neva mbili zimeushikilia kama kamba za hema.

Kwa hiyo geuza kichwa juu chini, uache uzito wa ubongo wenyewe uushushe. Inua sehemu za kunusa zilizo mbele kabisa kwa mpini wa kijiko kidogo. Utaona nyuzi mbili nyeupe zikinyooka kutoka kwenye mfupa. Hizo ndizo neva za macho. Zikate karibu na mfupa, mbali na ubongo, kwa mkasi wa ncha iliyopinda. Endelea nyuma, kata neva nyingine zinazojitokeza, ubongo utaanguka wenyewe kwenye sahani. Ugeuze: mbele ya shina la tezi ya pituitari, herufi X nyeupe. Kutoka pembe zake mbili za nyuma, mikanda huzunguka thalamasi kwenda juu. Ukitaka kuifuata hadi jenikulati, menya gamba na hipokampasi iliyo chini yake kwa upole kama unayemenya embe bivu, na utaona goti dogo lililotuna pembeni ya thalamasi, na nyuma yake kilima.

Naweza kukamata fuko shambani kwetu nikafanye hivyo nyumbani?

Usifanye. Kazi yoyote ya utafiti kwa wanyama inahitaji idhini ya kamati ya maadili ya chuo chako na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, na wanyamapori wanahitaji ruhusa ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, haina ubaguzi kwa mwanafunzi mwenye hamu. Njoo maabara, tuna vichwa vilivyokwisha kukaa kwenye dawa, na mkasi wa ncha iliyopinda ni mmoja tu, kwa hiyo wahi kabla ya saa tatu asubuhi.